Giaboksi ya Baba Ropa

Haya ninayoyaandika yalitokea, yote, hapahapa Budiriro, mtaa wa pili kutoka kwenye tangi la maji. Mtu akikwambia nimetia chumvi, mlete kwangu nimkalishe kitini nimsomee mwanzo mpaka mwisho mbele ya wenyewe. Mimi ni mstaafu wa reli. Shule sikwenda mbali. Kuandika nilijifunza kwa kuandika ripoti za kwa nini treni imechelewa, kila siku, miaka na miaka, na wakubwa wangu waliziamini zote. Kwa hiyo najua tofauti ya habari na hadithi. Hii ni habari.

Jumatatu asubuhi gari la Baba Ropa lilikataa kwenda. Halikuzimika, hilo lingekuwa jambo dogo. Liliwaka vizuri. Watoto saba wa shule walishapangwa ndani, wawili kwenye buti pamoja na mabegi. Baba Ropa akaweka gia, akakanyaga mafuta, injini ikalia kama ng'ombe anayezaa mapacha, na gari lisisogee hata unene wa kidole.

"Baba, mbona hatuendi?" aliuliza Ropa, binti yake, aliyekuwa kiti cha mbele na mwenzake mapajani.

"Tunaenda."

"Ukuta wa kina Tino bado upo palepale."

Baba Ropa akarudisha gia nyuma. Gari likashtuka, likaruka hatua moja ya chura, likagonga chuma ndani kwa ndani, likatulia. Akajaribu tena mbele. Kelele tu. Majirani walishatoka, miswaki mdomoni. Gari lenyewe ni katika yale madogo ya Kijapani ya otomatiki, ambayo hapa Harare ukipiga chafya barabarani unayarushia mate hata matatu kwa mpigo, na kila mwenye nalo anaogopa neno moja tu. Jirani mmoja akalisema kwa sauti ili mtaa mzima usikie: "Giaboksi hiyo!"

Baba Ropa akawashusha watoto, akawatembeza mpaka stendi, akawalipia nauli kutoka mfukoni mwake, akarudi kwa miguu. Getini alimkuta Mama Tino, ambaye ana watoto wawili kati ya wale saba.

"Nimelipa mwezi mzima, Baba Ropa."

"Najua, mama."

"Mwezi umeanza juzi. Wanangu wamesimama kwenye kombi na watu wazima wanaokohoa."

"Fundi analiangalia leo."

"Mwenye gari jeupe wa barabara ya nane ameniambia ana nafasi mbili." Alishusha sauti, na kushusha sauti kwa Mama Tino ni kubaya kuliko kupaza. "Nakupa mpaka Jumatatu ijayo. Baada ya hapo utanirudishia hela yangu, na wenzangu nao watataka zao."

Hela ile ilishageuka unga, ada ya Ropa na kodi ya nyumba. Tangu kiwanda cha kuchapisha magazeti kimpunguze kazi, nyumba ya Baba Ropa ilikuwa inakula kupitia gari lile. Watoto saba wakihamia kwenye gari jeupe, hakuna wa nane.

*

Labda unajiuliza haya ya ndani nimeyajuaje. Mimi ni mtani wa ukoo wao. Babu zetu walizikana kwa matusi na vicheko, na sisi tutazikana vivyo hivyo. Mtani haingii kwa hodi, hali kwa kukaribishwa, husema lile ambalo ndugu wanalimeza, na akichukua kitu haitwi mwizi. Nyumba ile nina kiti changu na kikombe changu. Yanayosemwa sebuleni nayasikia, na yanayosemwa chumbani nayasikia pia, maana ukuta ni mwembamba na masikio yangu yamezoea kusikiliza treni ikiwa bado iko mbali.

Fundi aliitwa Cuthbert. Uwanja wake uko nyuma ya maduka, umejaa magari maiti mpaka kuku wanatagia kwenye injini. Alikuwa na simu tatu, na zote zilikuwa zinaita pale alipoulizwa swali asilolipenda. Tulilisukuma gari mpaka kwake, au tuseme Baba Ropa na wenzake walisukuma na mimi nikashika usukani, kwa sababu ya umri.

"Giaboksi imekufa," alisema Cuthbert kabla hajafungua boneti.

"Umejuaje na hujafungua?" aliuliza Baba Ropa.

"Mzee, daktari akiletewa jeneza anapima nini tena?"

Hata hivyo aliingia chini akafungua nati ya kumwagia oili. Ikatoka nyeusi, imeungua, na ndani yake kuna vumbi la chuma linalometa kama limejipaka kwenda harusini. Baba Ropa alichovya kidole, akakinusa, akakifuta kwenye suruali ambayo Mama Ropa alikuwa ameipiga pasi.

"Nini kimeiua?"

Sasa msikilize Cuthbert. Kwa Baba Ropa alisema: "Mzigo. Watoto saba kwenye gari la watu watano. Au kuna kijana analikimbiza ukiwa umelala." Mchana Mama Ropa alipoleta sadza, ugali wetu wa hapa, na maharage, alimwambia: "Ni dereva, mama, anaweka gia ya kwenda mbele wakati gari bado linarudi nyuma." Nami nilipomvuta pembeni nikamuuliza taratibu, alisema: "Oili. Kuna mjinga amemimina oili nyekundu ya magari ya zamani." Kati ya sababu zote tatu, hiyo ya oili niliipenda zaidi, nikamshauri aishikilie.

"Bei?" aliuliza Baba Ropa.

"Giaboksi ya Japani, haijawahi kukanyaga lami yetu, dola mia nne. Oili yake, siyo ile ya kopo la bei rahisi, sitini. Kazi yangu themanini, kwa sababu nakupenda."

"Gari zima nilinunua elfu mbili."

"Ulinunua gari. Sasa unanunua giaboksi. Kuna wanaobadilisha wakaweka ya klachi, mia tatu, lakini mimi sitaki watu waje kunilaani na watoto wao."

"Na hii iliyokufa?"

"Hiyo naichukua mimi. Takataka."

"Takataka unaitaka ya nini?"

Simu mbili zikaita kwa pamoja.

Baba Ropa hakuondoka. Alikaa juu ya tairi mbele ya gari lake kuanzia asubuhi mpaka uwanja ulipofungwa, siku ile na iliyofuata. Cuthbert alipokwenda chooni, Baba Ropa alisimama. Alipochukua spana, Baba Ropa aliitazama spana. Mama Ropa alimpa chupa yake ya rangi ya kucha, nyekundu, naye akapaka alama kwenye altaneta, kwenye radieta, kwenye betri, kwenye kila kitu ambacho fundi angeweza kukibadilisha. Gari likawa linaonekana limepata tetekuwanga.

"Mnaniona mimi mwizi," alisema Cuthbert, ameumia kweli.

"Hapana," alisema Baba Ropa. "Napenda tu rangi."

*

Nyumbani walihesabu wakapata mia na sabini, na katika hizo kulikuwa na zamu ya Mama Ropa ya kikundi cha kuchangishana, aliyoomba apewe kabla ya wakati wake. Kuomba huko kulimgharimu. Wenzake walimsimamisha mbele ya kikundi, mmoja akamuuliza kama mumewe bado anakunywa. Mumewe hajawahi kunywa. Alijibu "ameacha," kwa sababu waliokuwa wameshika hela walikuwa wanataka jibu la namna hiyo.

Alirudi na hela kwenye soksi, na hasira mahali pengine.

"Kiti cha dereva," alimwambia mumewe. "Kimelazwa nyuma kabisa. Wewe huendeshi umelala. Nani alikuwa amelala pale?"

"Sijui."

"Hujui! Gari lako, kiti chako, na hujui. Ni yule mwanamke wa Glen Norah?"

"Yupi wa Glen Norah?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Sekai," alisema Baba Ropa, na akimwita kwa jina lake la usichana ujue amechoka. "Jumamosi tulikuwa wote kwenye mkutano wa kanisa Marondera. Tumekwenda na basi, tumerudi na basi Jumapili. Gari nililiacha na robo tangi. Jumatatu nimewasha, sindano imelala chini kabisa. Petroli imekwenda wapi?"

Wote wawili wakatazama mlango wa jikoni. Ufunguo huwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Na mtu pekee aliyebaki nyumba ile Jumamosi ni Nomatter, mdogo wake Mama Ropa wa kiume, kijana wa miaka ishirini na mitatu, hana kazi, mlinda lango wa timu ya mtaa.

Mimi nilikuwa kwenye kiti changu nakula. Sikusema neno. Kama nilisema, nilisema tu kwamba vijana siku hizi wanapiga teksi za wizi mjini, tena na magari madogo kama hayo. Nilisema kwa ujumla.

"Kamuulize," Mama Ropa alimwambia mumewe.

"Mimi? Yule kwetu siyo shemeji tu, ni mkwe wangu."

"Soksi zake nafua mimi!"

"Hata angekuwa ananyonya. Ni kaka yako, ndiye aliyekutoa kwenu. Mbele yake nachuchumaa na kupiga makofi. Sasa nichuchumae nimwambie, mkwe, samahani, umeniibia gari?"

Alikuwa sahihi. Kwetu mume hamshutumu mwenyewe shemeji aliyempa mke. Anapitishia kwa mtu. Wakageuka wote wawili wakanitazama.

"Mtani," alisema Baba Ropa. "Wewe ndiye unayeweza."

Nikameza tonge. Ningesemaje?

*

Nomatter alikuwa bombani uani, anasugua viatu vya mpira. Nilivuta ndoo nikaikalia.

"Mkwe wa watu, nimetumwa."

"Na nani?"

"Na wasioweza kusema."

"Basi na wewe usiseme, babu, tupumzike wote."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Uwanjani. Tulicheza na Glen View, tukafungwa tatu."

"Nani shahidi?"

"Wote walionitukana."

"Hukushika gari?"

Aliacha kusugua. "Kumbe ndiyo hiyo." Alikuwa na uso wa kitoto ule, na nikauona unajifunga kama duka. "Nani kasema nimeshika gari?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa mtaani." Hapo watu wenyewe nilikuwa mimi, lakini mjumbe hataji chanzo chake.

"Babu, sina hata leseni. Nilitoka asubuhi, nikarudi jioni nachechemea. Gari sikuliangalia. Nikiwa nalala kwenye kochi lao, nakula chakula chao, ndiyo niwaibie?" Alikiangalia kiatu mkononi kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Mwambie Baba Ropa hivi. Ng'ombe wanne wa mahari bado hawajafika kwa baba yangu. Siku wakifika, aniulize habari ya giaboksi."

Nikaubeba ujumbe kama nilivyopewa. Njiani kutoka bombani mpaka sebuleni, hatua chache tu, nadhani kuna mahali uliongezeka uzito, kwa sababu ulipofika ng'ombe walikuwa sita na kulikuwa na neno "ombaomba" ndani yake.

Baba Ropa hakupiga kelele. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Ombaomba," alisema. Halafu akamwambia mkewe: "Mimi sitamfukuza mkwe wangu. Lakini siwezi kulala nyumba moja na mtu anayeniita hivyo."

Mama Ropa alifanya lile ambalo mume hakuweza. Alikunja nguo za mdogo wake yeye mwenyewe, akaweka viatu vyenye maji kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga mara mbili. Nomatter aliupokea mlangoni.

"Dada, na wewe unaamini?"

"Sema tu ukweli, Noma. Tutalipa pole pole."

"Nimesema."

Akaenda kwa pasta wa kanisa lao, wakampa nafasi kwenye stoo ya viti. Mama Ropa alirudi jikoni akakoroga sadza mpaka mwiko ukavunjika, na machozi yake kila mtu aliyasingizia moshi, ingawa jiko lilikuwa la gesi. Mimi nilisema nimeshiba kabla sadza haijapakuliwa.

*

Jumapili mchana, siku moja kabla ya Jumatatu ya Mama Tino, tulikaa kikao sebuleni kwa Baba Ropa. Nomatter alikubali kuja kwa masharti: asikilizwe mbele ya watu, na dada yake asilie. Alikaa kwenye kiti. Baba Ropa, kwa adabu, alikaa chini kwenye mkeka akapiga makofi kumsalimu mtu anayedhani kamwibia. Cuthbert naye alikuja bila kualikwa. Alitaka malipo ya kutangulia, giaboksi ya Japani ilikuwa na mteja mwingine, alisema. Kikao nilikiongoza mimi. Nani mwingine?

"Tumekusanyika," nilianza, "kwa ajili ya ukweli."

"Kabla ya ukweli," alidakia Cuthbert, "nimeifungua ile giaboksi jana. Mnajua ilikufa kwa nini?"

"Hii itakuwa sababu ya nne," alisema Mama Ropa.

"Zile nilikuwa nabahatisha, mama. Hii nimeona kwa macho. Imevutwa. Mtu amelifunga gari kamba, amelikokota magurudumu yakiwa chini na injini imezimwa. Injini ikizimwa, pampu ya oili haizunguki. Chuma kinasaga chuma kikavu, mwendo wote."

Nilikohoa. "Fundi, usitudanganye. Magari tumeyavuta tangu enzi. Unaweka nyutro, unafunga kamba, basi."

"Hayo ya klachi, babu."

"Hata ukiweka nyutro?"

"Hata nyutro."

"Hata kama aliyeweka ana uzoefu?"

Mama Ropa alinigeukia pole pole. "Mtani, mbona unauliza kama mtu aliyeletewa majibu yake ya hospitali?"

Nikasema turudi kwenye ajenda. Nikamuuliza Nomatter, kwa sauti kali ya kikao, ni nani aliyemvuta Jumamosi ile, na alimlipa nini. Nomatter alifungua mdomo, na hapo lori likapiga honi nje mpaka vikombe vikatetemeka.

Aliingia mwanamume mnene mwenye jani la kabichi begani. Nilimfahamu. Kumbe nyumba ile ina mlango wa nyuma, nikawa nimekumbuka ghafla.

"Hodi hapa! Samahani, wazee, naona mna kikao. Mimi ni Mhofu, wa lori la kabichi. Natafuta kwa Baba Ropa."

"Ndiyo mimi," alisema Baba Ropa kutoka mkekani.

"Wewe?" Mhofu alimtazama. "Hapana. Baba Ropa ni mzee, mrefu, maneno mengi. Amenielekeza nyumba hii hii, tangi la maji, geti la bluu. Alisema nije Jumapili nichukue dola zangu kumi na mnyororo wangu." Macho yake yakazunguka chumba, yakanikuta nimefika mlango wa jikoni. "Huyo hapo! Baba Ropa, habari za tangu Jumamosi ile? Gari linaendeleaje?"

Kikao kizima kikanigeukia, hata Cuthbert akazima simu zake zote tatu.

Nilisukuma mlango wa nyuma. Nomatter alikuwa ameshasimama upande wa pili. Hajawahi kudaka mpira kwa wepesi ule.

"Kaa, babu," alisema.

Nikakaa.

"Tuelezee, Mhofu," alisema Mama Ropa. Sauti yake ilikuwa tamu sana.

"Nini cha kueleza? Namkuta kabla ya mji wa Norton, gari limeisha petroli, amelaza kiti nyuma, kofia usoni, anakoroma. Ndani ana gunia la mahindi. Nikamwambia, mzee, hili ni otomatiki, tusilivute, panda tukanunue petroli. Akaniambia, 'Kijana, mimi nimevuta treni.'"

Cuthbert alifunga macho. "Mlikwenda mwendo gani?"

"Kabichi haisubiri. Themanini, mpaka kituo cha petroli cha barabara kuu, nikamwacha hapo atie ya dola moja afike nyumbani, mnyororo ukabaki kwake. Na yeye huko nyuma alikuwa anapiga honi niongeze."

Hiyo ya honi si kweli. Niliipiga kumsalimu mtu.

Nikajitetea. Sikukaa reli miaka yote ile bure. Nikasema mimi ni mtani, ufunguo uko msumarini, mtani hachukui kwa ruhusa. Babu yangu alichukua ng'ombe wa babu yao akamchinja na wote wakacheka. Nikasema mahindi yale nilileta ndoo nzima hapa, na sadza waliyokula wiki nzima wakinishuku ilikuwa ya hayo mahindi.

"Hatukukushuku wewe," alisema Baba Ropa kwa sauti ndogo. "Tulimshuku yeye." Alikuwa hatazami mtu.

Nilingoja anitukane. Matusi ya mtani ningeyajibu, ningeyajibu kwa furaha. Hakutukana.

Aliyecheka ni Mama Ropa. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kweli," alisema. "Mtani anachukua bila kuomba, na haitwi mwizi. Si ndiyo?"

"Ndiyo," nilisema, nikapata nguvu kidogo.

"Na utani ni wa pande mbili. Si ndiyo?"

Alishavaa viatu.

*

Walikuja kwangu wote, kikao kizima, na Mhofu akaleta lori kwa sababu bado alikuwa anadai kumi zake. Mama Ropa hakubisha hodi. Aliingia, akaangalia juu, akaangalia huku na huku, kama mimi ninavyoangalia nikiingia kwao.

"Ile," alisema. Ilikuwa televisheni yangu, kubwa kama dirisha. "Na ile ya juu ya bati. Na betri yake."

"Mama Ropa, sola hapana! Umeme wenyewe unajua ulivyo. Nitakaa gizani."

"Utani huo, mtani. Cheka."

Cuthbert aliigonga betri kwa kidole, akaigeuza, akanitazama. "Hii haijawahi kuvutwa?"

Mtaa mzima ulikuwa getini. Mama Tino alikuwa amebeba kiti kutoka kwake ili aone vizuri. Cuthbert alisema kwa vitu vyote anatoa mia tatu, vihesabiwe kwenye giaboksi. Wao walikuwa na mia na sabini, na bei ilikuwa mia tano na arobaini. Zilipungua sabini. Basi nikajikuta nasimama kwenye uwanja wangu mwenyewe, nashindana na fundi kwamba televisheni yangu ni nzuri kuliko anavyosema, picha zake zinang'aa, rimoti yake haijapasuka, ili aichukue kwa bei ya juu. Alipanda mpaka mia tatu na arobaini akagoma. Thelathini za mwisho, na kumi za Mhofu, zilitoka kwenye pensheni yangu, ambayo nilikuwa nimeificha ndani ya kopo la chai. Nomatter alijua kopo lilipo. Sijui alijuaje. Nadhani kila mtu amejua siku zote.

Mnyororo nilimrudishia Mhofu kutoka chini ya kitanda. Betri nilisaidia kuibeba mwenyewe mpaka kwenye lori, kwa sababu vijana wangeiangusha.

Lilibaki moja, na hilo hapakuwa na kitu cha kubeba. Baba Ropa alimchuchumalia Nomatter mbele ya watu, akapiga makofi, akasema, "Mkwe, nimekukosea." Halafu wakageuka wakanisubiri. Magoti yangu hayakunjiki vizuri. Niliyakunja. Nikapiga makofi.

Nomatter alinitazama kutoka juu. "Ng'ombe nilisema wangapi?"

"Wanne."

"Ulifikisha wangapi?"

Nikamwambia.

"Na nilimwita nani ombaomba?"

"Hukumwita mtu."

Mama Ropa aliweka mkono mdomoni. Baba Ropa alisimama, akaenda stoo ya pasta akamchukulia Nomatter ule mfuko wa plastiki, akaubeba yeye mwenyewe kifuani mpaka nyumbani, kama mtu aliyebeba mtoto wa mtu.

*

Mama Tino aliwapa siku mbili zaidi. Mtu aliyeona ninachukuliwa televisheni, alisema, hawezi kuwa na haraka. Jumatano giaboksi ya Japani ilifungwa, Mama Ropa akaipaka rangi nyekundu ya kucha kabla boneti haijafungwa, na gari likaondoka Budiriro kama limepakwa mafuta ya samli. Baba Ropa alipata vibarua vya uchapaji mjini, hivyo akamlipia Nomatter leseni ili awe dereva wa watoto, kwa mshahara, siyo kwa kochi.

Mwisho wa mwezi nilihitaji kwenda ofisi ya pensheni. Nilisimama barabarani nikainua mkono. Gari likasimama. Nomatter alishusha kioo nusu. Ropa alikuwa kiti cha mbele, watoto wengine nyuma, wawili kwenye buti, wote wananitazama kwa macho ya wazazi wao.

"Mjini dola moja, babu."

"Nomatter! Mimi ni mtani!"

"Mtani wa ukoo wa Baba Ropa. Mimi ni mkwe wao, ukoo mwingine. Mimi na wewe hatuna utani."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nikatoa dola. Aliichukua, akaikunjua, akaiinua juani.

"Imechanika pembeni. Mjini hawaipokei."

"Nimepewa benki hii!"

"Lete nyingine."

Nikatoa nyingine. Akaigeuza, akaisugua kwa kidole gumba, halafu akampa Ropa naye aikague. Binti aliitazama mbele, akaitazama nyuma, akanitazama mimi.

"Hii sawa," alisema, akaitia kwenye mfuko wa sare. "Panda, babu. Lakini usiguse kitu."